Mti Unaopanda Unalisha Nani?

Wasee, tuanze na mtihani mdogo. Taja matatu tano kali za mtaa wenu. Rahisi. Taja wachezaji watano wa timu unayoshabikia. Hujamaliza hata kusoma sentensi na ushawataja. Sasa taja vipepeo watano wa Kenya.

Najua majibu. "Yule mweupe." "Yule wa manjano." "Yule mkubwa." Halafu kimya.

Sikulaumu, juu hata Kiswahili chenyewe hakitusaidii sana hapa. Angalia wadudu wengine. Tuna siafu, sisimizi, chungu, maji moto, mchwa na kumbikumbi. Wale wanaotuuma wana majina. Wale wanaokula nyumba zetu wana majina. Wale tunaokaanga tukala wana majina. Kipepeo hatuumi na sisi hatumli, kwa hivyo wote tumewatia kwa gunia moja: kipepeo. Na hapa Kenya kuna karibu spishi 900 za vipepeo. Uingereza nzima, na mapenzi yao yote ya vipepeo, haifikishi hata 70.

Fikiria shule ya wanafunzi 900 ambayo mwalimu anawaita wote "mtoto". Siku mmoja akipotea, atajuaje nani hayuko? Wakipotea mia mbili, ataandika nini kwa ripoti? "Watoto wamepungua kidogo." Basi.

Hiyo ndiyo hali yetu, na sizungumzii tu mambo ya kupiga picha maua. Nasema hivi: kukosa majina kunatupotezea misitu, na tunapigiwa makofi tukiipoteza.

Tangu mwisho wa 2022 serikali ina mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032. Novemba 13, 2023 tulipewa hadi siku ya mapumziko tukapande. Poa. Sina shida na kupanda miti. Shida yangu ni hesabu. Bilioni 15 za miti gani? Juu ukisikiliza hotuba na kuangalia zile picha za watu na majembe, mti ni mti, vile kipepeo ni kipepeo. Mkalatusi mmoja ni sawa na mti mmoja wa asili wa Kakamega. Ukikata mia na upande mia, uko sawa, hesabu imebalansi.

Sasa muulize kiwavi.

Kiwavi hali "mti". Kiwavi ni yule mtoto wa kipepeo, na kwa chakula ana maringo kuliko mtoto yeyote unayemjua. Kama una mlimau kwa ploti yenu, angalia majani vizuri. Kuna kadudu kadogo kanakaa kama mavi ya ndege, keusi na keupe. Si mavi. Ni kiwavi wa Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano unayemwona hata katikati ya mji. Akikua anageuka kijani. Anakula majani ya ukoo wa limau na chungwa. Mweke kwa jani la parachichi na atakufa njaa akiwa juu ya chakula.

Kuna mwingine, Charaxes candiope, ambaye kiwavi wake anakula miti ya Croton, jamaa za ule mkinduri ambao umejaa Nairobi. Huyo naye hataki habari za limau. Wengi wako hivyo: kila ukoo wa vipepeo na ukoo wake wa mimea, makubaliano ya tangu enzi na enzi. Mkalatusi ulitoka Australia juzi tu. Kwa karibu vipepeo wote wa misitu yetu, shamba la mikalatusi ni kama supamaketi ambayo rafu zote zimejaa sabuni. Ni kubwa, ni kijani, inapendeza kwa picha ya droni, na hakuna kitu cha kukula.

Kwa hivyo ukikata msitu wa asili na kupanda mikalatusi idadi ileile, kwa karatasi hakuna kitu kimebadilika. Kwa ground umefunga jikoni la spishi mia na kitu. Na huwezi kujua umezifunga, juu hukuwa unazijua majina.

Najua kuna mtu ashaanza kuandika: "Si utumie macho tu? Lazima hizo Kilatini zenu?" Swali poa. Wacha nikuonyeshe mahali macho yanakuangusha.

Kuna kipepeo wa msituni anaitwa Papilio dardanus. Yuko sehemu nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, na Kenya yuko mpaka misitu ya Nairobi. Dume ana rangi ya manjano hafifu na nyeusi, na mkia kwa kila bawa la nyuma. Rahisi kumtambua. Jike ndiye drama. Hapa kwetu mara nyingi hana mikia kabisa, na hafanani na mume wake hata kidogo. Jike mmoja ni mweusi na mweupe. Mwingine ana rangi ya chungwa. Mwingine ni mweusi mwenye madoa madogo. Na wanaweza kuwa dada, mama mmoja baba mmoja.

Kwa nini? Juu ndege wanawala. Kuna vipepeo wengine kabisa, wa jenasi za Amauris na Danaus, ambao wana sumu. Ndege akijaribu mmoja anatapika, na baada ya hapo hataki kuona hizo rangi tena. Dardanus hana sumu, ni nyama tu. Kwa hivyo majike wake wamevaa nguo za wenye sumu: huyu amevaa kama Amauris, yule kama Danaus. Wakivaa wote nguo moja na wawe wengi, ndege atashtuka kwamba wengi wa hizo rangi ni watamu. Wakigawanya mavazi, ujanja unadumu.

Wazungu waliokusanya hao vipepeo zamani walidanganywa pia. Waliwapa majike majina yao kama spishi tofauti. Mtu mmoja wa Cape Town, Roland Trimen, ndiye aliandika mwaka wa 1869 kwamba hawa wote ni familia moja, na wasomi wengine walimcheka. Baadaye watu walifuga viwavi kutoka kwa mayai ya jike mmoja, wakatoka mabinti wa sura tofauti, na kesi ikaisha. Mwaka wa 1924 profesa wa Oxford, Edward Poulton, aliandika makala kwa jarida la historia ya viumbe la Afrika Mashariki na Uganda, na kwa kichwa chake alimwita dardanus kipepeo wa kuvutia zaidi duniani. Duniani, wasee. Na sisi tunamwita "yule wa manjano", tena huyo ni dume peke yake.

Ukihesabu kwa macho tu, familia moja ya dardanus utaiandika kama spishi nne. Mahali pengine ni kinyume. Kuna vipepeo wadogo wa samawati ambao ukiwaona juu ni kopi kabisa, mpaka uangalie chini ya mabawa. Wengine hata hapo hawatofautiani, na wataalamu inabidi wafungue sehemu zao za siri chini ya darubini ndio wajue nani ni nani. Ndiyo, hiyo ni kazi ya watu. Hiyo ndiyo inaitwa uainishaji: kujua nani ni ndugu wa nani na nani amevaa tu nguo za jirani.

Sasa twende Kakamega. Ule msitu ni kipande cha mashariki kabisa cha msitu mkubwa wa mvua unaoanzia Afrika Magharibi na kupitia Congo. Ndani kuna mamia ya spishi za vipepeo, na wengi ukitoka Kakamega kuja huku mashariki hutawapata tena. Na hawakai ovyo. Kina Euphaedra wanaruka chini, kwa kivuli, karibu na ardhi, wakitafuta matunda yaliyoanguka. Kina Charaxes wanakaa juu kabisa kwa vilele, wana mwendo kasi na ubishi, na wanashuka wakisikia harufu ya tunda lililooza au mavi. Maua hawana shughuli nayo. Watafiti huwanasa kwa ndizi zilizochacha. Kama tungekuwa tunawapa majina ya mtaani, mimi ningewaita walevi, na dardanus ningemwita kigeugeu.

Angalia basi. Kwa mti mmoja mkubwa kuna wa juu, kuna wa chini, kuna anayekula jani, kuna anayengoja tunda lioze. Hapo "mti mmoja" ni kama fleti yenye wapangaji kila ghorofa. Huwezi kuibomoa na useme umelipa kwa kusimamisha nguzo ya stima, ati zote zina urefu sawa.

"Lakini bro, watu wana njaa, kodi zimepanda, na wewe unatuletea vipepeo." Hii koment nimeisoma kabla haijaandikwa. Jibu langu liko Gede, Kilifi.

Kando ya Gede kuna msitu wa Arabuko-Sokoke. Wakulima wa hapo walikuwa hawaoni faida yake. Ndovu wanatoka wanakula mahindi, na wao hawaruhusiwi kukata mti. Ukiwauliza, wengi wangefurahi ule msitu ukatwe wapate mashamba. Mwaka wa 1993 mradi wa Kipepeo ukaanza. Mkulima anashika jike msituni, anamweka kwa kizimba cha wavu, jike anataga mayai, mkulima analisha viwavi majani yanayofaa mpaka wawe pupa, yaani kile kifuko kipepeo anachotokea. Pupa zinauzwa kwa mradi, zinafungwa vizuri na kupelekwa kwa nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani, haraka kabla hazijapasuka njiani.

Hiyo biashara ni uainishaji mwanzo mpaka mwisho. Oda haisemi "niletee vipepeo warembo". Oda inasema jina. Ukikosea jike, umekosea jani. Ukikosea jani, viwavi wanakufa na hulipwi. Kwa hivyo mama wa Gede ambaye labda hakumaliza shule ya msingi anajua spishi za msitu wake na chakula cha kila mmoja, kuliko wengi wetu tuliokaa kampasi. Na kwa kuwa wale majike wa kuanzia wanatoka msituni, msitu ukiisha biashara imeisha. Mtu hahitaji hotuba ya mazingira hapo. Anajua nani anaishi ndani, na anajua akipotea nani atakosa pesa ya shule.

Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo hii ya "acheni wataalamu" hainishtui. Trimen alianza kama karani wa serikali, vipepeo ilikuwa ya baada ya kazi. V.G.L. van Someren, aliyepanga Charaxes wa Afrika kwa maandishi yake ya miaka ya 1960 na 1970, alikuwa daktari wa meno hapa Nairobi. Mchana anang'oa meno, muda wake mwingine anafuga viwavi. Walichokuwa nacho ni nafasi, uvumilivu na daftari. Sisi tuna simu zenye kamera ambazo hao wangezililia.

Kwa hivyo naomba vitu vitatu, na hakuna hata kimoja cha kulipia.

Kwanza, ukipiga kipepeo picha, usiandike tu "asili ni tamu". Andika mahali, tarehe, na alikuwa kwa mmea gani. Piga juu ya mabawa na chini. Iweke iNaturalist, hapo watu wa dunia nzima watakusaidia kumpata jina, na rekodi inabaki. Siku mtu akitaka kukata hapo, kuna ushahidi kwamba hapo paliishi fulani bin fulani.

Pili, siku ya kupanda miti ukipewa mche, uliza jina lake. Kisha uliza swali la pili: huu unalisha nani? Kama anayegawa miche hajui, sema kwa sauti, mbele ya kamera zao. Karura sehemu kubwa ilikuwa imepandwa mikalatusi na miti mingine ya kigeni, na siku hizi inarudishiwa miti ya asili pole pole. Kwa hivyo inawezekana, ila ni lazima mtu aulize.

Tatu, tuwape majina ya Kiswahili, na ya Kiluhya, Kigiriama, Kikuyu, lugha yoyote unayoota nayo. Kilatini kibaki kwa kazi ya sayansi, kinahitajika. Lakini mtoto wa Kawangware hatalilia Papilio dardanus. Anaweza kumlilia Kigeugeu.

Wangari Maathai na wenzake walipopigwa kwa lango la Karura Januari 1999, walikuwa wanajua wanatetea nini. Zamu yetu ikifika, nisingependa tusimame langoni tukitetea "miti kadhaa na vipepeo".

Haya, koment ziko wazi. Ukimwona yule mweusi na mweupe anayepaa pole pole kwa kivuli, kabla hujamwita jina lolote, uliza kama hayo ni mavazi yake ama ameazima.