Vijana wenye usonji: Kishikwambi bila mwalimu ni kioo kitupu

Kila tarehe 2 Aprili, siku ya kimataifa ya uhamasisho kuhusu usonji, picha huwa ni zile zile: watoto wadogo ndani ya fulana za buluu, keki, hotuba na wageni wa heshima. Ni jambo jema. Lakini ndugu msomaji, jiulize: watoto waliokuwa kwenye picha za miaka kumi iliyopita wako wapi leo?

Wamekua. Wameota ndevu. Wengi wako ndani, mlango umerudishwa, na mama ambaye naye umri unamtupa mkono ndiye anayewavisha, kuwalisha na kuwasemea. Swali analolala nalo mama huyo ni moja tu: nikiondoka mimi, nani atajua mwanangu anataka nini?

Hawa si wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Ukiweka makadirio hayo juu ya watu milioni 1.2 waliohesabiwa Kaunti ya Mombasa mwaka 2019, unapata zaidi ya watu 9,000 wa umri wote. Ni makisio tu, kwa sababu sensa ile iliuliza kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, lakini usonji haukuwa na swali lake. Asiyehesabiwa hapangiwi bajeti.

Tuna msemo wetu, samaki mkunje angali mbichi. Kwa mzazi wa mtoto mdogo ni wosia mwema. Kwa kijana wa miaka 22 asiyesema, tumeugeuza kuwa hukumu: huyu ameshakauka, mwacheni. Hukumu hiyo si ya haki. Kijana mwenye usonji huendelea kujifunza, ila huhitaji njia nyingine, na mojawapo ya njia hizo ni kishikwambi, au tableti kama wengi tulivyozoea kuita.

Chukua mfano wa mahamri. Ukimwambia kijana kwa mkupuo mmoja apime unga, atie hamira na iliki, akande kwa tui, aache uumuke, asukume, akate kisha akaange, maneno yatampita kama upepo. Sasa gawa kazi ile katika picha saba. Kila hatua ipigwe video fupi katika jiko lile lile, kwa sufuria ile ile anayoijua. Anabonyeza picha ya kwanza, anatazama, anafanya, kisha anabonyeza ya pili. Video haichoki kurudia wala haipandishi sauti. Msaidizi anasimama kando, na kila siku anarudi nyuma kidogo, mpaka kijana anamaliza karai bila kuambiwa neno.

Kuna na wale wasiosema kabisa. Kwao zipo programu ambazo mtu hugusa picha na kifaa kikatamka: nataka maji, kichwa kinauma, kelele imenizidi. Zamani mashine za kuzungumza ziligharimu maelfu ya dola. Tangu iPad itoke mwaka 2010, kazi hiyo imehamia kwenye vifaa vya kawaida, na leo ipo programu ya bure kama Cboard inayofanya kazi kwenye Android, pamoja na maelfu ya picha za bure za ARASAAC kutoka Aragón, Hispania.

Hapa ndipo sisi Wapwani tunapaswa kuwa macho. Picha zilizochorwa Ulaya hazijui viazi karai, boflo wala leso. Sauti za mashine nyingi hazisemi kama tunavyosema nyumbani. Dawa yake si ghali: piga picha kikombe chake mwenyewe, mlango wa nyumba yake, stejini anaposhukia. Rekodi sauti ya dada au ndugu yake kwa Kimvita, Kigiriama au Kibajuni. Kijana aliyelelewa Pate asilazimike kuomba maji kwa lafudhi ya London.

Je, kuna ushahidi? Upo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, walipitia tafiti za 1990 hadi 2017, na katika ripoti yao ya 2020 wakataja mbinu 28 zilizothibitika. Miongoni mwao ni kujifunza kwa video, ratiba za picha na mawasiliano mbadala. Lakini tafiti hizo ziliishia umri wa miaka 22. Kinachofundisha ni mbinu. Kifaa ni chombo cha kuibeba. Kijana akipewa kishikwambi ili anyamaze mama apate kupika, kitakuwa cha katuni mchana kutwa, na siku chaji ikiisha patakuwa na vita.

Kenya tumeshalipa karo ya somo hili. Ahadi ya kampeni ya 2013 ya kuwapa watoto wa darasa la kwanza kompyuta iligeuka kuwa vishikwambi, vikaanza kusambazwa mwaka 2016. Zaidi ya milioni moja vilifika katika shule zaidi ya 20,000. Kufika vilifika, lakini pasipo stima ya uhakika wala walimu walioandaliwa, vingi viliishia kabatini, vingine vikaibiwa. Tulinunua vifaa kabla ya kuandaa mikono ya kuvitumia.

Kwa vijana wakubwa shida ni kubwa zaidi, kwa sababu hata kabati hawana. Mtaala mpya unawapangia wanafunzi wenye ulemavu njia ya hatua kwa hatua inayoishia kwenye ufundi. Lakini ufundi huo waupate wapi? Vyuo vinne vya kitaifa vya ufundi vinavyojulikana kwa wanafunzi wenye ulemavu viko Karen, Machakos, Nyang'oma na Sikri. Hakuna hata kimoja Pwani, na vyote vilianzishwa kwa ajili ya viziwi au wasioona.

Msingi wa kisheria upo. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mwenye ulemavu haki ya elimu, ya njia ya mawasiliano inayomfaa, na ya vifaa vya kumwondolea vikwazo. Mwezi Mei 2025 Rais Ruto alitia saini sheria mpya ya watu wenye ulemavu kuchukua mahali pa ile ya 2003. Na tusikimbilie kulaumu Nairobi kwa kila jambo: Jedwali la Nne la Katiba linaweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta hazihitaji ruhusa ya mtu kufungua darasa moja la vijana wenye usonji ndani ya chuo kilichopo.

Kaunti iajiri mwalimu mmoja aliyesomea mahitaji maalum, inunue vishikwambi vichache vyenye makasha magumu, ihakikishe stima au sola, na itenge saa za kuwafunza wazazi. Mafunzo yenyewe yawe ya kazi za hapa: jikoni, kufuma makuti, kupanga bidhaa dukani, kuosha magari.

Tahadhari pia ziwepo. Video za kijana zisirushwe mitandaoni kuvuna huruma. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda naye. Akifundishwa kutumia M-PESA, afundishwe na kuficha namba yake ya siri, maana matapeli hawabagui.

Kisheria, makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kabla ya tarehe 30 Aprili na kupitishwa kabla ya Juni kwisha. Yaani mwezi ule ule tunaovaa fulana za buluu, pesa zinagawanywa. Wazazi waende kwenye vikao vya maoni ya wananchi na vijana wao wakiwa nao, wamuulize mwakilishi wadi swali moja: chuo chetu kina nafasi ya huyu? Kama jibu ni hapana, liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Kura nazo zina msimu wake.