Mawasiliano kati ya magari

Mawasiliano kati ya magari ni teknolojia inayowezesha magari kupeana taarifa kwa mawimbi ya redio. Kila gari hutangaza mahali lilipo, mwendo na uelekeo wake takriban mara 10 kwa sekunde. Hivyo dereva huweza kuonywa kuhusu gari lililofunga breki ghafla mbele ya lori kabla hajaliona.

Nchini Marekani, Tume ya Mawasiliano ilitenga megahezi 75 katika masafa ya gigahezi 5.9 kwa kazi hiyo mwaka 1999. Ugumu ni kwamba kifaa hiki hakimfai mwenye nacho ikiwa magari mengine hayana. Kwa hiyo watengenezaji walisubiriana. Mwaka 2016 serikali ilipendekeza kila gari dogo jipya liwe nacho, lakini pendekezo hilo halikuwa sheria.

Mwaka 2020 tume iliamua kutoa megahezi 45 kwa Wi-Fi, zikabaki 30, ingawa Wizara ya Uchukuzi ilipinga kwa ajili ya usalama barabarani. Mwaka 2024 kanuni mpya ziliagiza sehemu iliyobaki itumie teknolojia inayotokana na simu za mkononi. Hata hivyo, hazikumlazimisha mtengenezaji yeyote kufunga kifaa hicho, hivyo ugumu wa awali bado upo.