Kabla Hujanunua Prosesa Mpya
Mwenye kompyuta ya gemu aliyoiunda mwenyewe asiharakishe kuhamia AM5, soketi ya AMD iliyotoka 2022. Gharama yake haiishii kwenye prosesa: utahitaji ubao mama mpya na ramu za DDR5, kwani za DDR4 haziingii hata ukizilazimisha, pengo lake limekatwa mahali pengine. Tena huenda usihitaji kuhama: ubao wa soketi iliyotangulia, kama wa B450 wa mwaka 2018, bado unaweza kubeba Ryzen 7 5800X3D, na kwa gemu, hiyo ni prosesa ya nguvu kwelikweli. Ila sasisha BIOS kwanza, prosesa ya zamani ikiwa bado imo. Ukiitoa mapema, huenda kompyuta isiwake kabisa. Fungua tovuti ya mtengenezaji wa ubao wako, soma orodha ya prosesa zinazokubalika, ndipo utoe pesa.