Babu Asipakwe Unga
Amil Shivji aliigeuza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kuwa filamu, ikafika hadi tamasha la Toronto mwaka 2021. Sasa ni zamu ya riwaya za kutisha, na ya kwanza iwe Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, iliyotoka mwaka 2001. Mtayarishaji atatamani kumpaka babu unga usoni na kumbandika meno ya plastiki, kama majini wa filamu za mabanda ya video. Asithubutu! Mzuka huyu hatishi kwa sura. Anatisha kwa kumsuta mjukuu wake, K, bwana mkubwa aliyelewa ukubwa. Waandishi wa miswada waanze na ulimi wa babu, vipodozi vije baadaye.