Wazee si wajinga, programu ndizo mbovu

Wasomaji wangu, leo nina dukuduku na lazima nilitoe.

Kila nikikaa na waandishi wenzangu wa programu hapa Nairobi na mtu akauliza, "Na wazee je?", jibu huwa tayari: "Wazee hawawezi teknolojia." Basi, kikao kinaendelea. Mimi kwetu ni Nuu, Kitui, na nasema huo ni uongo mtupu.

Safaricom ilipozindua M-Pesa Machi 2007, nani waliokuwa wakitumiwa pesa kule vijijini? Si ni kina susu na wazee wetu, ambao watoto wao walikuwa wakitafuta riziki Nairobi na Mombasa? Aliyekuwa na miaka 60 wakati ule leo anakaribia 80, na bado anatoa pesa kwa wakala. Hakupelekwa chuo. Kitu kilikuwa na faida kwake, hatua zilikuwa chache, na wakala alikuwepo wa kuulizwa.

Mnataka mifano mingine? Mwaka 2004 Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza Eldoret akiwa na miaka 84. Mwaka 2017 Masako Wakamiya wa Japani alitoa mchezo wa iPhone aliouandika mwenyewe akiwa na miaka 81. Sasa niambieni, ubongo hufungwa lini?

Sisemi uzee haubadilishi kitu. Kuanzia miaka ya arobaini hivi, lenzi ya jicho hukakamaa na maandishi ya karibu huwa shida. Kujibu haraka hupungua. Lakini msamiati wa mtu huendelea kukua hadi uzeeni, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu si sehemu ya kawaida ya kuzeeka. Mzee kuchelewa kubonyeza si sawa na mzee kutoelewa.

Sasa tazama tunachompa. Maandishi ya kijivu juu ya nyeupe. Menyu ya simu inayokatika kabla hajamaliza kusoma. Kiingereza kigumu kwa mtu anayeongea Kikamba. Na mashine ya alama za vidole! Mtu aliyelima ndengu na mtama maisha yake yote, akafukua mchanga wa mto kutafuta maji, michirizi ya vidole vyake imelika. Mashine ikimkataa, karani anasema, "Huyu ni mzee." Hapana. Mashine haikuandaliwa njia ya pili.

Hili si jambo la urembo. Mpango wa Inua Jamii huwapa wazee walioandikishwa, wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mzee akirudishwa kutoka Mwingi mjini hadi Nuu mikono mitupu, nauli ya safari ya pili inatoka kwenye hizo hizo 2,000.

Wengine watasema, "Mjukuu atamsaidia." Sawa, lakini mjukuu akishika simu ameshika pia nambari ya siri. Kwa hiyo tumemnyima mzee siri yake, kisha akiibiwa tunamlaumu kwa kuigawa!

Dawa inajulikana. Mwongozo wa WCAG wa mwaka 2008 unataka tofauti ya rangi kati ya maandishi ya kawaida na mandhari yake iwe angalau 4.5 kwa 1. Ongeza muda wa menyu. Weka Kikamba. Weka njia ya pili pale vidole vinapokataa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji uvumbuzi mpya.

Kabla ya kutoa toleo lenu lijalo, pandeni gari mje Nuu siku ya soko. Mpeni susu mmoja simu, mwambieni atume pesa, kisha nyamazeni mtazame. Akikwama mara tatu mahali pamoja, rudini mkarekebishe mahali hapo, si susu.

Haya, nimemaliza. Mwenye kunirushia mawe na arushe.