Kasi Ipo, Foleni Je?

Usiku wa kuamkia Jumanne ruta yetu ilijizima, ikajiwasha, na asubuhi ikawa na programu mpya ya ndani. Mtoa huduma hakuniuliza wala hakunitaarifu. Nilijua tu kwa sababu mstari wa kwanza wa grafu yangu ulikuwa mwekundu: pakiti zilizopotea, asilimia 100.

Grafu hiyo niliitengeneza mwenyewe. Kompyuta kuukuu iliyo juu ya friji hutuma pingi kwenye ruta kila sekunde 10, na nyingine kwenda 8.8.8.8, kisha huandika kila jibu limechukua milisekunde ngapi. Nilichoka kuambiwa "tatizo liko kwenye kifaa chako."

Basi nikaipeleka ofisini kwao. Kijana wa kaunta akaitazama. "Dada, lakini intaneti si inafungua?" Ilikuwa inafungua. Ruta haikufa, sasisho lilikuwa limeizuia kujibu pingi, na mstari wa pili wa grafu ulikuwa mzima. Kwa hasira zangu sikuutazama. Kosa hilo ni langu, nalikiri.

Lililofuata si langu. Jioni ile nilikuwa nawasilisha pendekezo la utafiti kwa video. Mwenzangu ninayeishi naye akaanza kupandisha picha za harusi mtandaoni, sauti yangu ikawa inafika vipandevipande. Kila swali lilifuatwa na kimya. "Inaonekana hukujiandaa," Dokta akasema, na nilimsikia vizuri kabisa.

Usiku nikapima. Laini ikiwa tupu, 8.8.8.8 ilijibu kwa milisekunde 40. Picha zikipanda, 900. Kasi ya kupakua ilikuwa ileile. Nikafungua mipangilio: usimamizi wa foleni, niliouwasha mwezi uliopita, umezimwa. Sasisho lilikuwa limefuta kila nilichokipanga.

Mkazi wa Dar es Salaam hahitaji kufundishwa foleni. Gari la kukimbia kilomita 180 kwa saa halikufikishi popote ukiwa Mwenge saa 12 jioni. Ndani ya ruta pakiti nazo hupanga mstari, na nafasi ya kusubiria ikiwa kubwa mno, pakiti ndogo ya sauti hukwama nyuma ya malori ya picha. Dawa si siri. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walichapisha CoDel, kanuni inayotupa baadhi ya pakiti foleni ikidumu mno, ili watumaji wapunguze mwendo. Kwenye ruta kama yangu, kuiwasha hushusha kidogo namba ya kipimo cha kasi. Hapo ndipo ninapowashuku, maana namba hiyo ndiyo wanayoiuza.

Nilipopiga simu walinijibu, "Tumepima kasi, iko sawa." Nani aliuliza kasi?

Sipingi masasisho. Novemba 2016, shambulio lililobisha kwenye mlango ambao watoa huduma huutumia kusimamia ruta kutoka mbali liliwavurugia intaneti wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom huko Ujerumani, na sasisho lilikuwa sehemu ya tiba. Fundi na aje, hata usiku wa manane. Lakini fundi wa bomba hang'oi mita ya maji akaondoka nayo, kisha akakwambia maji yanatoka vizuri. Aseme atakuja lini. Aandike alichobadilisha, kwa Kiswahili, kwa ujumbe uleule anaotumia kunikumbusha kulipa. Mipangilio yangu aiache ilivyokuwa, na ruta iendelee kujibu pingi zinazotoka ndani ya nyumba yangu. Hayo si mapendeleo; nalipa kila mwezi.

Nimewasha tena usimamizi wa foleni na kuhifadhi nakala ya mipangilio. Grafu ya jioni ile nimemtumia Dokta, yenye kilele cha 900 pale hasa aliponiuliza kuhusu sampuli. Amejibu: "Sawa. Na sampuli?"