Miongozo ya kuandika programu inapomsahau mwenye Windows

Na Mwandishi Wetu, Tanga

KIJANA anayejifunza kuandika programu za kompyuta akiwa Ngamiani, Muheza au Pangani mara nyingi hana mwalimu wa karibu. Mwalimu wake ni mwongozo anaousoma kwenye intaneti. Anapoandika amri kama alivyoelekezwa, kisha kompyuta ikamjibu kwamba haiitambui, hujilaumu kuwa fani hiyo imemzidi. Mara nyingi kosa si lake.

Miongozo mingi huandikwa na watu wanaotumia Linux au kompyuta za Apple, ambazo mifumo endeshi yake hufuata desturi za Unix, mfumo ulioanza kutengenezwa Marekani mwaka 1969. Msomaji huambiwa aandike “ls” ili aone orodha ya mafaili, ilhali dirisha la amri la zamani la Windows hutambua “dir”. Huambiwa aandike “apt install”, amri ya Ubuntu na jamaa zake. Hata katika lugha ya Python huelekezwa kuandika “python3”, wakati kwenye Windows amri iliyozoeleka ni “python” au “py”.

Upendeleo huo una sababu. Seva nyingi zinazoendesha tovuti duniani hutumia Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na mwandishi hufundisha kwa chombo anachofanyia kazi. Kwa upande mwingine, mafunzo ya awali ya kompyuta hapa kwetu huegemea Windows, pamoja na Word na Excel. Kijana hufundishwa mfumo mmoja, kisha hudaiwa mwingine.

Mwaka 2016 Microsoft ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuwezesha programu za Linux kufanya kazi ndani ya Windows 10. Hata hivyo, njia hiyo huhitaji kompyuta yenye nguvu na bando la kutosha, mzigo mzito kwa mwenye mashine ya mtumba. Aidha, Oktoba 14, 2025 huduma ya kawaida ya Windows 10 ilifikia kikomo, na kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Nyingi kati ya hizo bado zinaweza kubeba Linux, ambayo hupatikana bila malipo.

Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ile ilithibitisha kwamba kikwazo cha lugha huondoleka.

Sasa inatakiwa miongozo inayotaja tangu mwanzo imeandikwa kwa mfumo upi, na kutoa amri za kila mfumo. Vituo vya mafunzo navyo viweke Linux japo kwenye mashine moja au mbili. Vinginevyo, vijana wataendelea kuacha fani hii wakidhani wameshindwa na somo, kumbe walipewa maelekezo ya mashine wasiyokuwa nayo.